Gari la Kubeba Baiskeli Tatu

Jana, katika mtumbwi wa mota unaovuka mto Lualaba kwenda mtaa wa Kasuku, nilikaa karibu na Mama Feza, mwalimu wa mtaa wa Mikelenge. Alikuwa akimwambia mzee asiyemjua kwamba anatafuta gari la familia lililotumika, lisilokula mafuta mengi, linaloweza kubeba baiskeli tatu za watoto.

"Mungu amekuletea!" akasema mzee. Wauzaji wote husema hivyo. "Niko na Peugeot ya zamani. Juu iko chuma ya kufungia baiskeli."

"Nani aliitengeneza hiyo chuma?"

"Niliikuta nayo. Wakati wa vita, waasi walikimbia wakaiacha kwa barabara ya kwenda Kama. Kwa chuma iko jina: Kalume."

Mama Feza akanishika mkono kwa nguvu, mimi ambaye hata hatusalimianagi.

"Kalume njo baba yangu. Walimuchukua na hiyo gari, sisi tunaangalia. Hakurudi."

Mzee akavua kofia. "Mama, haki ya Mungu, sikukuta muntu ndani. Uichukue bure."

"Niweke watoto wangu mule?"

"Sasa mimi niiendeshe tena namna gani?"

Mtumbwi ukagusa ufuko wa Kasuku. Abiria wote tukashuka, isipokuwa wao wawili.