Nibu ya Mwalimu Thobias

Kijiwe cha nyuma ya soko kuu la Morogoro ni benchi moja refu la mninga na birika la kahawa la Baraka, basi. Benchi limeegemea ukuta wa duka la sonara, kwa hiyo anayekaa pembeni husikia nyundo ndogo ikigonga dhahabu ndani huku nje watu wakigonga siasa, mpira na ndoa za majirani. Mzee Yeremia, aliyestaafu reli baada ya miaka mingi ya kupungia treni bendera pale Ngerengere, anaitwa Stesheni, maana hakuna hoja inayopita bila kusimama kwake. Godfrey anaitwa Wakili. Sheria hajasoma, aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya mbuzi, na hadi leo hajamaliza kuutoa. Sonara mwenyewe, Rahel, akichoka kuinama hutoka na kigoda chake akakaa nao. Yeye anaitwa Mama Nibu.

Jina hilo lilikuja na kazi. Rahel alirithi duka kwa baba yake, akaendelea na pete na hereni kama watu wote, mpaka siku mhadhiri mmoja wa chuo kikuu alipomletea kalamu ya wino ya kifahari iliyoanguka ikapinda nibu, yaani ncha yake ya kuandikia. Mhadhiri alitaka inyooshwe tu. Rahel aliichungulia nibu ile kwa kioo cha kukuzia, akaona ni kibati cha dhahabu kilichopasuliwa katikati kwa mpasuko mwembamba kama unywele, na kwenye ncha kimechomelewa chembe ya madini magumu kuliko dhahabu. Akasema moyoni, hii naiweza. Akatengeneza mpya. Mhadhiri akawaambia wenzake, wenzake wakawaambia mabosi wao Dodoma na Dar, na kalamu zikaanza kuja. Kila mtu alitaka nibu iliyochongwa kufuata mwandiko wake mwenyewe: huyu anakandamiza, yule anaandika kwa mkono wa kushoto, mwingine anataka sahihi yake ionekane nene kama yeye. Rahel alikuwa akiomba kipande cha mwandiko wa mteja, anakisoma kama mganga anavyosoma kiganja, kisha anachonga. Hakuna kalamu iliyowahi kurudi.

Mpaka ilipokuja ya Mwalimu Thobias.

Aliyeileta ni Janeth, mwenyekiti wa kwaya ya parokia moja ya mlimani, upande wa Mgeta. Alieleza kwamba Mwalimu Thobias ni mwalimu wao wa kanisani, ametumika miaka mingi, na wanakwaya walichangishana wakamnunulia kalamu ya heshima, nyeusi inayong'aa, ina pete ya dhahabu shingoni. Haikupita muda nibu ikapinda. Janeth alimwachia Rahel kadi ya shukrani ambayo Mwalimu aliwaandikia wanakwaya, ili auone mkono wake. Mwandiko ulikuwa mzuri, herufi zimesimama kama watoto wa shule mstarini. Rahel akachonga nibu nyembamba, laini, inayoteleza kama mafuta, akampa Janeth akiwa na furaha.

Ikarudi. Janeth alisema Mwalimu analalamika kwamba inakwaruza. Rahel akaisugua upya, akaituma. Ikarudi tena. Mara hii, asubuhi moja ya mawingu yaliyoteremka hadi kwenye migomba ya mitaa ya juu, Janeth alikaa benchini na kalamu mapajani, hakuikabidhi.

– Dada Rahel, Mwalimu amesema usihangaike tena. Amesema kalamu haina kosa. Mkono wake ndio umefika mwisho.

Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mzee ameacha kabisa kuandika. Sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia inakaribia, na kila mwaka alikuwa na kitu kipya cha kuwapa. Mwaka huu anakaa tu kibarazani akiutazama mkono wake.

Rahel aliichukua kalamu mapajani mwa Janeth. Kalamu kukataa, hilo ni la fundi na kalamu. Lakini mzee kuukana mkono wake kwa sababu ya kazi aliyoifanya yeye, hilo hakuweza kulimeza. Alileta karatasi, akaizungusha benchi nzima. Stesheni akaandika jina lake lote mpaka la babu. Wakili akaweka sahihi yenye mkia mrefu. Baraka akafuta mikono kwenye shati, akaandika neno "kahawa" kwa madoido. Kalamu iliteleza kwa wote. Haikukwaruza hata herufi moja.

Basi kijiwe kikapata kazi.

Stesheni alianza, kama kawaida. Alieleza kwamba reli ikipigwa jua hutanuka na ikipata baridi husinyaa, hilo kila mtu wa reli analijua. Mlimani kuna baridi. Kwa hiyo nibu ikifika kule inasinyaa, mpasuko unajifunga, wino unakwama kama abiria asiye na tiketi.

– Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba – akamalizia, na hakuna aliyemuuliza kibaba kimeingiaje.

Wakili alikataa. Alimtaka Rahel aseme mbele ya mashahidi dhahabu ya nibu ile ilitoka wapi. Rahel akasema ilitoka kwenye hereni moja iliyovunjika, aliyoinunua kwa mama mmoja wa mjini. Wakili akaegemea ukuta kama mtu aliyeshinda kesi.

– Mnaona. Dhahabu imekaa sikioni miaka yote. Imezoea kusikia, haijazoea kusema. Sasa mnailazimisha itoe maneno uzeeni. Samaki mkunje angali mbichi.

– Mbona kwangu imeandika? – Baraka akauliza.

– Wewe umeandika neno moja. Hilo ililisikia zamani.

Baraka alimimina kahawa, akatoa nadharia yake mwenyewe huku akiwa amesimama. Kwa maoni yake tatizo lilikuwa lugha. Kalamu zile zinazaliwa Ulaya, na maneno ya Wazungu yana mwisho mgumu ambapo nibu inapata kupumzika. Kiswahili kila neno linaishia na irabu, mlango uko wazi, kalamu haijui isimame wapi. Mwalimu anaandika mambo marefu, kwa hiyo imechoka. Stesheni alisema hilo lina mantiki, ila baridi ibaki palepale. Wakili akasema yaunganishwe: hereni imechoka, iko kwenye baridi, na haijui Kiswahili. Wakaanza kujadili kama mlima wenyewe hauivuti dhahabu kwa chini, na Stesheni alikuwa tayari kuapa kwamba saa yake ya mfukoni hukimbia kila anapopita Kingolwira.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke ambaye hawakumjua, Yasmin kwa jina, aliyekuja kupunguziwa pete akaambiwa asubiri kidogo. Alikuwa amemaliza kikombe chake na kashata, akiwasikiliza bila kuingilia. Sasa aliinama mbele.

– Samahani jamani. Huyo mzee huwa anaandika nini?

Stesheni alimgeukia Wakili. Wakili akasema anaandika maandishi, kisha hata yeye akasikia jibu lake lilivyo tupu. Baraka akatazama ndani ya birika. Rahel aligeuka akamtazama Janeth, na Janeth naye akawashangaa wote, kana kwamba wameulizwa iwapo kanisa lina mlango.

– Nota – akasema. – Si ni mtunzi wa nyimbo? Mwalimu wa kwaya ataandika nini kingine?

Kwao mlimani hata mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo, na Janeth hakuona haja ya kulisema. Rahel naye aliposikia "mwalimu wa kanisani" akadhani katekista, mtu wa vyeti vya ubatizo na matangazo ya Jumapili. Alipewa kadi ya shukrani, akaichongea kadi ya shukrani. Stesheni alikohoa, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu reli methali yake ikakaa mahali pake.

Kesho yake Rahel alifunga duka, akapanda mlimani na Janeth kwenye gari lililokuwa linarudi tupu baada ya kushusha karoti na kabichi sokoni. Walimkuta Mwalimu Thobias kibarazani, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Rahel alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu na kuanza kuomba radhi kwa usumbufu. Rahel alimkatiza kwa adabu. Alimwomba tu aandike kidogo, chochote anachoandika siku zote, yeye atazame.

Mzee alisita. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi zilizochorwa mistari mitano mitano, akashika kalamu. Na Rahel akaona. Kichwa cha nota ni kidoa cheusi cha mviringo, na nibu yake nyembamba haikuweza kukijaza. Mzee alizungusha, akazungusha tena palepale, karatasi ikalowa, nyuzi zake zikainuka zikaingia kwenye mpasuko, na hapo ndipo kukwaruza kulipoanza. Kufika nota ya nne karatasi ikatoboka. Mzee aliweka kalamu chini, akaukunja mkono wake juu ya paja kama mtu anayeficha kitu kilichovunjika.

Rahel alimuuliza zamani alikuwa akiandikia nini. Mwalimu akamletea kalamu ya wino ya plastiki, ya tangu ujanani, imepasuka mwili mzima na kufungwa kwa uzi. Rahel aliitazama ncha kwa kioo chake akacheka peke yake. Ilikuwa imesagika kwa miaka ya nota hata ikawa pana kama patasi. Ukiigusisha mara moja, inaacha doa. Ukiivuta kwa ubavu, inachora mstari mwembamba. Kalamu ile ilijifunza muziki polepole bila mtu kuifundisha, na ilipokufa hakuna aliyejua imekufa na nini.

– Mwalimu – akasema – mkono wako ni mzima. Mimi ndiye niliyekutengenezea nibu ya barua.

Mzee aliufungua mkono, akaugeuza juu na chini, akaupiga kidogo kwenye goti. Kisha akaanza kucheka, kicheko chembamba kisichokwisha, mpaka mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Naye alipoelezwa akakaa kizingitini, akasema Mungu ni mwema, maana mume wake alikuwa amekwisha kuwa mzee wa kulishwa ilhali hana ugonjwa.

Rahel alirudi mjini na njegere nyingi alizopewa, na kazi asiyowahi kuifanya. Nota zinataka ncha pana, na ncha pana inataka wino mwingi, na mpasuko mmoja hautoshi kuuleta. Aliamua kupasua miwili, nibu iwe na vidole vitatu badala ya viwili. Ya kwanza ilivunjika kwenye msumeno. Ya pili ilimwaga wino kama paa bovu. Kijiwe kilifuata kazi hiyo kama kinavyofuata ligi. Wakili alikuwa akichungulia dirishani na kuwatangazia wengine, na Stesheni akimzuia Baraka asigonge vikombe fundi anapopasua. Hereni ile ile iliyeyushwa tena, maana Rahel alikataa kuitupa. Nibu ya tatu ilipotoka kwenye msasa, aliijaribu kwenye karatasi ya mistari mitano, akagusisha mara moja tu. Doa likakaa, jeusi, la mviringo, lina makali pembeni. Alikaa akilitazama kwa muda, akatamani baba yake angekuwepo.

Mwalimu hakutaka iletwe. Alishuka mwenyewe, amevaa koti la Jumapili, Janeth akiwa nyuma yake na karatasi. Walimpisha katikati ya benchi. Stesheni aliyekuwa hampishi mtu alisogea hadi pembeni kabisa.

Mzee aliweka karatasi juu ya ubao wa kashata wa Baraka. Akagusisha. Akagusisha tena, akavuta ubavu, mstari mwembamba ukapanda. Vichwa vyeusi vikaanza kuruka kutoka mstari hadi mstari, vikishuka, vikipanda, na Wakili akanong'ona kwamba ni viluwiluwi wanaoruka ua. Mwalimu alikuwa akivuma kwa pua anapoandika. Alipofika mwisho wa mstari alirudi chini yake akaanza sauti nyingine, na kalamu haikusimama hata kutafuta njia.

Janeth aliinama juu ya bega lake, akashika sauti ya kwanza taratibu. Mzee akainua kidole bila kuinua macho.

– Nani hapa ana sauti ya nne, besi?

Watu waliokuwa na jibu la baridi, la hereni na la irabu za Kiswahili walitazamana, kisha wakatazama viatu. Wakili akasema yeye ni wa upande wa ushahidi. Hatimaye, pembeni kabisa, ikatoka sauti nzito, ya mtu aliyetumia maisha yake kutangaza treni zinazochelewa. Ilitetemeka mwanzoni.

– Shusha kidogo – Mwalimu akasema.

Stesheni akashusha. Ikakaa.

Watu wa sokoni walianza kusimama. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya alilitua chini akashika sauti ya pili kana kwamba alikuwa akiisubiri. Mteja alikuja kutaka kahawa. Baraka akaliinamisha birika kumwonyesha kwamba imekwisha, wala hakwenda kuongeza nyingine. Mwalimu aligeuza karatasi, akaanza ukurasa mpya.

Rahel alikuwa amesimama mlangoni kwake, vumbi la dhahabu kwenye kucha. Fundi wa nibu huipima kazi yake kwa sikio, na alitega lake asikie ile ncha inavyokwenda kwenye karatasi. Hakusikia kitu. Stesheni alikuwa ameifunika kabisa, na hakuna aliyeona sababu ya kumnyamazisha.