Mama Ndinda na Kitabu Kilichofungiwa Kabatini

Bi. Syombua Musembi, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Ndinda, anastaafu tarehe 31 Desemba 1997, baada ya miaka ishirini na tisa katika Ushirika wa Asali wa Kyanzuki, Makindu. Aliajiriwa mwaka wa 1968 kuwa mpigachapa. Taipureta aliyokabidhiwa siku hiyo aliitunza hivi kwamba mameneja kadhaa wamestaafu wakaiacha ikifanya kazi.

Mtihani wake ulikuja mwaka wa 1992. Waumini wa kanisa moja la ng'ambo walitutumia kompyuta iliyokuwa imetumika nyumbani kwa mtu. Mchungaji aliiombea, kina mama wakaifumia kitambaa, na Meneja wetu, Bwana Mulei, akakifungia kitabu cha maelezo ya kompyuta hiyo katika kabati la vioo, pamoja na vikombe vya maonyesho ya kilimo, kisije kikachafuka. Tulipoiwasha, kioo kilibaki cheusi, kikiwa na herufi C na kialama kinachowaka na kuzimika. Mashine ilikuwa ikingoja amri. Nasi tukangoja.

Kisha akaja mtaalamu kutoka Nairobi, Bwana Evanson Karanja. Alitufundisha kuwasha na kuzima, akala mbuzi, akatugawia vyeti. Mama Ndinda hakupata cheti kwa kuwa wakati wa somo alikuwa jikoni akitupikia chai. Muda si mrefu kamati ikaamua: barua za mkutano mkuu wa Juni zisipotoka kwenye kompyuta, ataajiriwa kijana mwenye ujuzi, na mpigachapa ataachishwa kazi.

Mama Ndinda aliomba kitabu. Aliambiwa kitatolewa atakapopatikana mtu anayekielewa.

Basi akaanza kwenda gurdwara, hekalu la Kalasinga hapa Makindu, kila Jumamosi. Wasafiri wa barabara ya Mombasa husimama pale wakala chapati na dengu bila malipo, na mtu aliyeshiba hujibu maswali. Mama Ndinda, ambaye ni mwimbaji wa kwaya kanisani, alijifunika kichwa, akaketi na sahani yake, akamuuliza kila jirani, "Kazini kwenu kuna kompyuta?" Wengi walikuwa na lori tu. Lakini karani mmoja wa benki, Wariara, alimfundisha kuandika barua na kuihifadhi. Mhasibu mmoja akamfundisha kufuta. Basi lake likapiga honi kabla hajaeleza jinsi ya kurudisha kilichofutwa. Jumatatu Mama Ndinda akajaribu alichofundishwa. Ndiyo maana hotuba ya Mwenyekiti mwaka ule ilikuwa fupi, na hadi leo inasifiwa.

Hatimaye mwalimu mmoja wa Mombasa, aliyekula naye dengu mara moja tu, alimtumia kitabu kwa basi. Hakikuwa na jalada, wala sura mbili za kwanza, zile za kuwasha na kuzima. Hizo wenye vyeti tulikuwa nazo. Barua za Juni zilitoka kwa wakati, na kazi ya Mama Ndinda ikapona. Mkutanoni, Mwenyekiti alimshukuru sana Bwana Karanja.

Baadaye Mama Ndinda aliandika mwongozo wa kurasa chache kwa Kiswahili chepesi, akaubandika ukutani juu ya kompyuta ili kila mtu ajifunze. Kamati iliusoma, ikaupenda, ikaufungia kabatini.

Wiki iliyopita Bwana Mulei alimuuliza mbele yetu, "Sasa mama, ukienda sisi tutauliza nani?"

"Kila kitu kiko kabatini, Meneja," akajibu. "Ufunguo si unao wewe?"

Bwana Mulei akapapasa mifuko yote. Tunapoandika haya, ufunguo bado unatafutwa, na Meneja ameanza kuulizia gurdwara hupakua chakula saa ngapi.

Mama Ndinda anarudi kwao Kikima, kulima na kufuga nyuki. Tunamshukuru kwa kazi, kwa subira, na kwa chai. Mvua ikufikie kwa wakati, mama, na mizinga yako ijae. Ukipata kitabu kingine kizuri, tafadhali baki nacho.