Kutu Aliimba kwa Kasi Gani?

Benchi letu liko Mtaa wa Lagrange, hapa Toledo, chini ya dirisha la duka langu la mashine za kufulia nguo. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo zikauke, ila mteja hajawahi kulikalia kwa raha, maana kila asubuhi nakuta limeshavamiwa na watu wa Sinki Limeziba, na chupa yao ya kahawa, na kelele zao. Sinki Limeziba ilikuwa bendi ya panki, ule muziki wa kelele na mbio. Ilipiga miaka miwili tu, tena kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, ikatoa sahani moja ya santuri, ikafa. Nyundo, mama mnene mwenye mikono ya seremala, ndiye aliyepiga dramu. Fyuzi alipiga gitaa, na jina alilipata kwa sababu kila nyumba aliyochomeka spika zake umeme ulikatika. Padri hakupiga kitu. Huyo ni mstaafu wa posta anayeihubiri bendi hii kwa wapita njia hadi wanavuka barabara wakimwona. Mwimbaji alikuwa Rick, kaka yake Nyundo, aliyejiita Kutu. Gari lake liliteleza kwenye barafu akafariki kabla sahani hazijarudi kutoka kiwandani. Mimi nilihamia mtaa huu yeye ameshazikwa zamani, lakini kwa jinsi wanavyomtaja najiona nilisoma naye darasa moja.

Leo Nyundo alifika na habari. Kampuni moja ndogo ya Chicago inataka kuitoa upya ile sahani, na wana swali moja tu: inazungushwa kwa kasi ya mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, au arobaini na tano? Watapiga simu kabla ya chakula cha mchana, maana mashine zinawangoja. Tepu ya asili ilizama siku maji yalipojaa chumba cha chini cha kina Nyundo, kwa hiyo hakuna pa kuulizia. Ilibaki sisi tuamue.

Nyundo: Haya jamani. Nataka jibu moja, sio matatu. Hii ndiyo sauti pekee ya Rick iliyobaki chini ya jua. Wakikosea, watu watamsikiliza mtu mwingine wakidhani ni kaka yangu.

Padri: Sasa swali liko wapi, dada? Kwenye lebo pameandikwa thelathini na tatu. Kutu aligonga muhuri mwenyewe, kwa mkono wake, lebo zote, kabla hajazipeleka kiwandani. Wewe ni nani wa kumpinga?

Nyundo: Mimi ni mdogo wake. Tena mimi ndiye niliyepiga dramu, na sijawahi kupiga polepole hata siku moja maishani mwangu. Ukiiweka thelathini na tatu nasikika kama mtu anayetundika picha ukutani.

Fyuzi: Tena picha kubwa. Anashuka kwenye ngazi kuitazama, halafu anapanda tena.

Nyundo: Fyuzi, nitakumwagia kahawa.

Padri: Lakini huo upolepole ndio uliotupa jina! Kuna vijana Osaka wamejifunza kupiga taratibu kwa sababu yako wewe. Mmoja aliniandikia kwamba mkono unamuuma kwa kujizuia.

Nyundo: Umesema uliotupa? Wewe ulipiga nini?

Padri: Nilipiga makofi. Na mara mbili nilikuwa peke yangu ukumbini, kwa hiyo usidharau.

Hapo nilitoa kichwa dirishani, maana najiona mtu wa busara, nikawaambia jambo hili ni jepesi: wasikilize gitaa. Kama limeshuka kuliko kawaida yake, sahani inazunguka polepole mno. Kama limepanda, inakimbia. Walinitazama utadhani nimetukana mama wa mtu.

Fyuzi: Kawaida yake ipi?

Mimi: Si nyuzi huwa mnazikaza, mnazityuni, kabla ya kupiga?

Fyuzi: Ehe! Umesikia, Padri? Kutyuni! Sisi tulikuwa tumeapa, bwana. Kutyuni ni mambo ya watu wa redioni. Mpiga besi wetu wa kwanza tulimfukuza, tulimkuta uani anatyuni kwa siri.

Nyundo: Alilia sana yule.

Fyuzi: Alilia, lakini katiba ni katiba. Halafu siku ya kurekodi ilikuwa Januari, na tanuri la kupasha joto nyumba ya kina Nyundo limekufa. Nilipiga na glovu za sufu. Hata mimi mwenyewe sijui pale nilipiga nini. Ndiyo maana nasema ni thelathini na tatu. Tulikuwa tumeganda! Mtu aliyeganda hawezi kwenda mbio.

Nyundo: Mtu aliyeganda ndiye anayekwenda mbio, apate joto! Nilitokwa na jasho mpaka mvuke ukapanda. Na ile mihuri, mbona hamsemi ukweli? Rick alitumia ile seti yangu ya utotoni, ya vimuhuri vya mpira. Nne haikuwepo. Mbwa alikuwa ameimeza. Angepigaje arobaini na tano bila nne?

Padri: Angeandika kwa kalamu.

Nyundo: Rick? Kalamu ni ya watu wa benki. Usinichekeshe.

Padri akaweka kikombe chini, akasimama. Akisimama Padri, mimi hurudi ndani kuangalia mashine, maana najua hatakaa karibuni. Ila leo nilibaki.

Padri: Sikilizeni. Nimeliwaza hili miaka. Nyumba yenu, Nyundo, ilikuwa nyuma ya kiwanda gani?

Nyundo: Cha vioo. Nusu ya mji huu ilikuwa nyuma ya kiwanda cha vioo.

Padri: Vizuri. Zamu ya jioni inaingia, wanawasha yale matanuri makubwa, umeme wa mtaa mzima unanywea. Taa zinafifia. Na mashine ya kurekodi je? Nayo inachoka! Inazungusha tepu kivivu. Kwa hiyo thelathini na tatu si kweli, na arobaini na tano si kweli. Kasi ya kweli ni thelathini na tisa!

Fyuzi: Hakuna mashine ya santuri yenye thelathini na tisa, baba.

Padri: Ndipo hapo! Ina maana tangu itoke, hakuna binadamu aliyewahi kuisikia. Hata wale wa Osaka. Ni bendi ya chini kwa chini kuliko zote, kwa sababu haijasikika na mtu!

Aliketi, akajipigia makofi. Nyundo akajishika kichwa.

Fyuzi: Basi na mimi niseme langu, nimelificha muda mrefu kwa ajili ya heshima ya marehemu. Mimi sidhani kama ile sahani ni yetu.

Nyundo: Unasemaje?

Fyuzi: Kiwanda kile kilikuwa kinatengeneza sahani za nani mtaa huu wa Wapolandi? Za polka! Za harusi! Wamechanganya tepu, wakatutumia mzee mmoja na kodiani yake. Tukaizungusha kwa thelathini na tatu, ikawa nzito, ya kutisha, tukasema aisee, tuko vizuri. Iweke arobaini na tano uone kama hutasimama kucheza.

Nyundo: Yaani mimi nisijue dramu zangu?

Fyuzi: Umesema mwenyewe kwamba yule si wewe, ni fundi wa picha.

Nilicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa ndani akisubiri kikaushio akatoka kuangalia kulikoni. Ni jirani mpya, anaitwa Odessa, amehamia kutoka Detroit, mji wa watani wetu wa jadi, na kwa hilo peke yake Fyuzi alishaanza kumtania kabla hajamjua jina. Alisimama mlangoni na kikapu chake cha mashuka.

Mimi: Mna sahani na mashine ya santuri hapo kwenye begi la Padri kila siku. Mbona hamuiweki arobaini na tano mkamaliza ugomvi?

Kumbe hawajawahi. Padri haruhusu mtu kugusa swichi ya kasi. Kwake ni dhambi. Fyuzi anaogopa polka. Na Nyundo, aliyeipigania arobaini na tano miaka yote hii kwenye benchi langu, akakiri kwamba hata yeye hajawahi kujaribu.

Nyundo: Nilijua tu. Mtu si anajua mikono yake?

Padri alibishana, kisha akasalimu amri. Tuliiweka mashine dirishani. Kwanza thelathini na tatu, kama siku zote: gitaa linanguruma, dramu inatembea, na juu yake sauti ya Kutu, nene, nzito, dubu aliyeamshwa katikati ya majira ya baridi. Nyundo alifumba macho. Alitabasamu kwa ile sauti na kukunja uso kwa dramu, vyote kwa wakati mmoja.

Halafu Padri akasukuma swichi.

Jamani! Dramu ziliruka. Zilikuwa nzuri, nasema kweli, mimi si shabiki lakini mguu wangu ulianza kwenda wenyewe. Nyundo aliinuka kwenye benchi, anapiga hewa kwa mikono miwili, analia na kucheka.

Nyundo: Mmeniona? Mmeniona? Huyo ndiye mimi! Niliwaambia!

Fyuzi: Aisee. Na mimi niko vizuri, na glovu zangu.

Ndipo Kutu akaanza kuimba. Ilikuwa sauti nyembamba, ya haraka, ya kijana aliyechelewa basi. Mikono ya Nyundo ikasimama hewani. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaketi.

Nyundo: Huyo nani?

Fyuzi: Ni Rick, nadhani.

Nyundo: Si Rick huyo. Rick hakuwa hivyo.

Padri: Nilisema mimi! Thelathini na tisa!

Nyundo: Padri, tafadhali, kaa kimya leo tu. Mnakumbuka kule kwenye ukumbi wa parokia, baada ya mazishi? Sahani zilikuwa zimefika asubuhi ile ile. Kina mama wanapanga pierogi mezani, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, mimi nikaiweka kama lebo ilivyosema. Ile sauti ikatoka. Bibi akafanya ishara ya msalaba akasema mtoto anaita kutoka chini ya ardhi.

Fyuzi: Nakumbuka. Sikula kitu.

Nyundo: Tangu siku hiyo naiweka kila ninapokuwa na hamu naye. Kila mara, hiyo hiyo.

Yule Odessa alikuwa bado mlangoni na mashuka yake. Akauliza, kwa upole kabisa, bila ujuaji wowote.

Odessa: Samahani, dada. Kaka yako akiongea tu, sio kuimba, alikuwa na sauti gani?

Fyuzi: Nene.

Padri: Nyembamba. Nilimsikia akiomba radhi kwa jirani, ilikuwa nyembamba.

Fyuzi: Ilikuwa ya puani kidogo.

Padri: Ya puani ni wewe.

Fyuzi: Haya, ilikuwa... Subiri. Alikuwa anasema, «Fyuzi, hebu punguza.» Hapana. Nikiisema naisikia yangu mimi.

Walimgeukia Nyundo. Alifungua mdomo, akakaza macho kule barabarani, kisha akaufunga. Alijaribu tena. Niliona midomo yake ikitengeneza neno fulani, labda jina alilokuwa akiitwa nyumbani, na hakuna kilichotoka. Niliumia, sifichi. Fyuzi naye alikuwa anazungusha kikombe kitupu mkononi.

Nyundo: Sijui.

Odessa: Pole sana. Sikukusudia.

Nyundo: Hapana, umeuliza vizuri. Nilishaipoteza muda mrefu bila kujua. Hata nikimwota, anakuja na uso wake, na lile koti lake, halafu anaongea kama sahani. Polepole hivyo.

Ndipo simu ya Padri, ambayo ndiyo namba waliyopewa Chicago, ikalia mfukoni, akaitoa, akaitazama, akampa Nyundo bila kuipokea.

Nyundo: Haloo? Ndiyo, ni mimi, dada yake Rick... Ndiyo, tumeshakubaliana. Andikeni thelathini na tatu.

Fyuzi: We Nyundo! Si umejisikia mwenyewe? Ulikuwa unaruka!

Nyundo akaziba simu kwa kiganja.

Nyundo: Nimejisikia. Na nyie mmenisikia, inatosha. Siwezi kuwapa watu yule kijana, Fyuzi, mimi simfahamu. Huyu mwingine nimekaa naye miaka arobaini.

Akarudi kwenye simu.

Nyundo: Ndiyo, thelathini na tatu. Ndiyo, najua dramu ziko nyuma. Mpigaji alikuwa mzembe.