Fundi wa Pampu za Boti Aliyevushwa kwa Makasia

Habari ilimkuta binti yake karakanani, asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Alikuwa anaijaribu injini ya boti ya kivuko, imefungwa kwenye ubao na mguu wake umezama katika pipa la maji. Injini ilinguruma vizuri, na kile kijito chembamba kinachoruka ubavuni, kinachomwambia fundi kwamba pampu inapandisha maji ya kuipoza, kilikuwa kinaruka kama kawaida. Mara kikakatika. Binti akazima injini papo hapo, kama baba yake alivyomfundisha, na katika ukimya ule ndipo aliposikia simu yake ikiita juu ya rafu. Ilikuwa imeita muda mrefu, kelele ikaifunika. Alikuwa mama yake, akipiga kutoka hospitali.

"Mwanangu, baba yako ametutoka."

Aliketi kwenye ukingo wa pipa mpaka nguo zikalowa. Kisha, kwa kuwa mikono haijui kufiwa, aliishusha injini akaifungua pampu. Gurudumu dogo la mpira lilikuwa zima, mbawa zake zote sita zikiwa laini, njia za maji zikiwa wazi. Akafunga, akawasha, na maji yakaruka kana kwamba hayajawahi kukatika. Aliweka kidole chini yake. Injini ilikuwa ya moto, lakini maji yale yalikuwa baridi kama ya kisimani.

Kabla ya adhuhuri manahodha walianza kufika kutoa pole, na kila mmoja alibaki mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Pole sana, dada. Huu si wakati wake, lakini nikuulize. Leo asubuhi, katikati ya maji, injini yangu iliacha kukojoa. Kidogo tu, halafu ikaendelea."

"Saa ngapi?"

"Sikutazama saa. Jua lilikuwa hapa."

Wote walionyesha mahali palepale. Zote zilikuwa injini alizozigusa marehemu. Hatuandiki haya kumtia mtu hofu, maana Mungu ndiye mwenye maji na ndiye mwenye pumzi. Tunaanza hapo kwa sababu siku yenyewe ilianza hapo. Sasa tumrudie mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 katika kijiji hiki cha ng'ambo tulipokusanyika leo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa mwashi na mshonaji. Alibatizwa mwaka uliofuata. Mama yake alisema alikuwa mtoto mkimya ambaye hakulia hata alipomwagiwa maji ya ubatizo. Aliyatazama tu yalikokwenda.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya upande wa mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Kila Jumatatu kaka yake mkubwa, aliyekuwa nahodha, alimvusha pamoja na wanafunzi wengine. Wenzake walikaa mbele wakiimba. Yeye alikaa nyuma kwenye injini, mkono wake ukining'inia nje, kidole chini ya kijito cha maji. Alifika darasani shati lina mkono mmoja mkavu na mwingine mbichi.

"Wewe," mwalimu wa hesabu alimwuliza, "mvua ya kwenu hunyesha nusu nusu?"

Alianza kazi mwaka 1976 katika karakana ya watu, na mwaka 1981 akafungua yake upande wa mjini, chumba kimoja chenye mlango wa chuma nyuma ya ghala la barafu. Alitengeneza kila kitu cha injini za boti, lakini hasa pampu za maji, kwa sababu ndizo zinazosahauliwa. Petroli ikiisha boti inasimama na watu wanacheka. Maji yakiacha kupanda, injini inaungua ikiwa inaenda, na mwenye kukaa mbele hana habari.

Tarehe 22 Juni 1984 kaka yake alimletea injini yake ibadilishwe gurudumu la pampu. Marehemu alitoa la zamani, akaona limechakaa na ubawa mmoja umekatika, akalitupa. Akalipaka lile jipya sabuni ili lisianze kuzunguka likiwa kavu, akalipachika, akafunga. Injini ilitoa maji vizuri ndani ya pipa. Kaka mtu aliondoka alasiri akiwa peke yake. Boti ilionekana kesho yake ikielea, injini imekufa kwa joto, kiti cha nahodha kitupu, na koti lake limekunjwa vizuri juu yake kama mtu aliyetaka kuoga. Yeye hajaonekana hata leo. Marehemu aliifungua injini ile mwenyewe. Katika njia ya maji, mahali maji yanapopinda kwenda juu, alikuta kipande cha ubawa wa zamani kimejibana.

Hakulificha jambo hili. Alimwambia mama yake siku ileile, akalisema mbele ya kanisa Jumapili iliyofuata, na ametuagiza tulisome leo. Familia ilichimba kaburi na kulizika lile koti. Watu walipotawanyika, mama yake alimshika mkono, akasema, "Tumezika koti, mwanangu. Mtu bado."

Tangu hapo alikuwa na sheria mbili, na wote waliopita mikononi mwake wanazijua. Ya kwanza: gurudumu la zamani linalazwa juu ya kitambaa cheupe na mbawa zake zinahesabiwa kwa sauti. Ukikosekana hata ukucha wa mpira, injini haifungwi mpaka upatikane, hata kama mwenye boti analia.

"Fundi, si uweke jipya tu? Abiria wananisubiri."

"Abiria wanaokusubiri ukiwa huku ni wazima. Kaa."

Sheria ya pili: injini iliyokata maji bila sababu kujulikana haibebi mtu, hata kama sasa inayatoa kama bomba. "Maji hayakatiki bure," alisema. "Kama hujaona kilichoyazuia, basi bado kipo."

Swali lake la kwanza kwa kila mteja lilikuwa, "Inakojoa?" Aliliuliza popote, hata kwenye ngazi za kanisa baada ya ibada. Mchungaji alimwita pembeni akamwomba atafute neno la heshima zaidi, maana akina mama walikuwa wanageuza nyuso. Alifikiri wiki nzima. Jumapili iliyofuata alimsimamisha nahodha mmoja palepale kwenye ngazi na kumwuliza, kwa sauti ya kusikika, "Ndugu, inatoa ushuhuda?"

Mke wake alimpata majini. Alikuwa muuguzi, abiria katika boti iliyozimika mbali na nchi kavu, na marehemu alikuwa ndani yake. Alifungua mguu wa injini wakiwa wanayumba, akatoa gurudumu jipya mfukoni, akauliza nani ana sabuni. Muuguzi alitoa kipande chake kipya, bado kina karatasi. Baada ya siku chache akamwona fundi amesimama mlangoni pa zahanati.

"Nimekuja kurudisha sabuni."

"Iliyopakwa injini? Nimwogeshe nani nayo?"

"Basi nikununulie nyingine kila mwezi."

Walifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1986. Mjane anashuhudia kwamba sabuni haikukosekana nyumbani mwake hata mwezi mmoja. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili. Binti ndiye aliyeshika kazi ya baba yake, tangu mwaka 2009.

Jambo moja familia ililizoea, ingawa wageni liliwashtua. Marehemu aliongea akifanya kazi. Mjane alipomletea chakula siku za kwanza za ndoa alimkuta peke yake akieleza jambo kwa upole.

"Unaongea na nani humo?"

"Na kaka. Namweleza ninachofanya, asiwe na wasiwasi."

Mjane alimwombea, kisha akazoea. Binti yake, aliyekaa naye benchi moja miaka yote hiyo, anasema baba hakuongea mfululizo. Alikuwa anasema, halafu ananyamaza kwa kiasi cha mtu anayesikiliza jibu, halafu anatikisa kichwa na kulegeza skrubu aliyokuwa amekwisha kuikaza.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Daktari wa kwanza alimwuliza kama anakojoa vizuri, naye akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Mama," alimwambia mkewe, "leo nimeulizwa swali langu." Alivumilia matibabu kwa saburi na hakuacha kwenda karakana mpaka mwezi wa Novemba mwaka jana. Alipoona safari imekaribia aliita watu wake na kutamka ombi moja: asizikwe upande wa mjini. Avushwe, alazwe katika kaburi la kaka yake, ndani yake na si kando yake.

"Lile ni kaburi la watu," alisema. "Limekaa muda mrefu bila mtu."

Jumatatu tarehe 3 Machi binti yake alikuwa ameketi kitandani pake. Baba akamwambia aende akamalize injini ya kivuko.

"Niende nikuache hivi, baba?"

"Mimi nina mama yako. Kile kivuko hakina mtu. Nenda."

Alikwenda. Baba yake alifariki kesho yake, saa tatu kasorobo asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Hapo ndipo binti alipobanwa. Kufika hapa hakuna barabara, ni maji tu, na hakuna injini upande wa mjini ambayo baba yake hakuigusa. Zote zilikuwa zimekata maji asubuhi ile. Jumatano kutwa nzima alifungua pampu moja baada ya nyingine, kitambaa cheupe kikiwa mbele yake, manahodha wakihesabu mbawa pamoja naye. Hakuna kilichokosekana. Hakuna kilichoziba. Akimvusha baba kwa injini hizo, anavunja neno lake akiwa bado hajazikwa, na anawapakia mama yake na wadogo zake juu ya jambo asilolijua. Asipomvusha, anamnyima kitu pekee alichokiomba. Mjomba, kaka wa mjane, alichoka.

"Mpwa wangu, hiyo inatoa maji au haitoi?"

"Inatoa, mjomba."

"Basi tatizo liko wapi? Maiti haingoji fundi."

"Na huyu alikuwa fundi, mjomba. Ilikata, sijajua kwa nini. Ingekuwa yeye, angekubali wewe upande?"

Mjomba alitazama injini, akamtazama mpwa wake. "Asingekubali," alisema. "Angeniuliza kama mimi nakojoa."

Watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Binti akafuta mikono, akawaambia watang'oa injini kwenye boti kubwa na kuiacha nchi kavu. Baba atavushwa kwa makasia. Nahodha wa kivuko alisema miaka mingi hakuna aliyevuka vile, na kwamba makasia yenyewe hayatoshi. Kufikia jioni yalitosha.

Wakaondoka Alhamisi tarehe 6 Machi asubuhi, maji yametulia kama mafuta. Jeneza lilikuwa katikati, mjane kichwani pake, binti akipiga kasia nyuma, mahali injini ilipotolewa. Waliimba mpaka pumzi zikawapungukia, kisha zikabaki sauti za makasia. Nchi kavu ilipofichika pande zote mbili, wakasikia injini nyuma yao. Ilikuja kwa mwendo wa pole, ikafika karibu kiasi cha mtu kuitwa akaitika, ikakaa hapo. Wakageuka. Maji yalikuwa matupu mpaka mwisho wa macho.

"Ni ya nani hiyo?" aliuliza mjomba.

"Piga kasia, mzee," alisema nahodha.

Walipoongeza mwendo iliongeza. Walipopumzika ilipunguza, kama mtu anayesindikiza. Kijana wa pili wa marehemu alianza Zaburi, akaipoteza katikati, mama yake akaimalizia. Binti hakuacha kasia, lakini aliinamisha kichwa akisikiliza kama alivyofundishwa kusikiliza, kwa muda mrefu.

"Ina maji," alisema. "Pampu yake ni nzima. Haina neno."

Iliwafuata mpaka chini ya boti ilipogusa mchanga, na hapo ikazimwa, kwa utaratibu, kama anavyozima mtu aliyefika. Familia haina maelezo. Tunasema tulichosikia, na tunamshukuru Mungu aliyetufikisha salama.

Jana Ijumaa kaburi lilifunguliwa. Koti lilikuwa limekwisha kuwa udongo. Mchungaji aliomba, kaburi likatengenezwa upya kwa ajili ya marehemu.

Jana hiyohiyo alasiri familia ilimuaga nyumbani alikozaliwa. Mjane alitangulia, akamweka kola sawa. Wakafuata wanawe wawili na wake zao, wajukuu saba, na dada yake mdogo, wa mwisho kubaki katika watoto wa mwashi. Mjomba alikaa kidogo, akatoka. Binti alikuja mwisho. Aliwaomba wengine wasimame nje, na kupitia mlango walimsikia akimweleza baba yake alichofanya tangu Jumanne, jambo moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, baba," akafungua mlango na kuwaita waje wafunike jeneza. Leo saa nane mchana tunamlaza.

Bwana aliyempa kazi amwite sasa kwenye raha yake, na amani imkalie.