Mzee Alois Aliyekataa Kuzima Bipu za Matombo

Tarehe 30 Juni 2004, Bwana Alois Fidelis anastaafu baada ya kukitumikia chama chetu cha wakulima wa viungo, hapa Morogoro mjini, kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza kama fundi simu, kisha kama mkuu wa kompyuta.

Alianza na simu za kuzungusha kwa mkono, akamaliza na Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, aliyojifunza mwenyewe huku akiigombeza kwa Kiluguru. Panya waliotafuna nyaya za stoo aliwagombeza kwa Kiluguru hichohicho. Ghorofani, kwenye ofisi yake, kutapoa sana.

Lakini la kukumbukwa zaidi ni suala la njia ya pili. Chama kilipoingia kwenye intaneti, tulipewa laini ya simu yenye njia mbili. Zikiunganishwa pamoja, barua pepe hupita kwa kasi maradufu. Yetu ilitusumbua. Njia ya pili ilikatika kila mara na haikurudi. Mzee Alois alibadili nyaya, akabadili modemu, akailaumu mvua ya Uluguru. Alikosea kote.

Mtaalamu aliyeitwa kutoka Dar es Salaam hakukaa hata kitini. "Hii Linux yenu ya bure ndiyo tatizo. Ing'oeni."

"Shikamoo hujanipa, kompyuta hujaigusa, tayari unang'oa?" Mzee Alois alimjibu. Yule bwana alimaliza soda yake akaondoka, na maneno yake ndiyo yaliyoaminiwa. Inaudhi mpaka leo.

Aliyegundua ni Asha wa mapokezi. Simu ililia mara moja ikanyamaza, na papo hapo Mzee akaanza kufoka ghorofani. "Ni bipu tu, mzee!" Asha akapaza sauti. "Yuliana, katibu wa tawi la Matombo." Kumbe kila bipu ilipoingia, njia ya pili iliachiwa ili simu ipite, na kompyuta haikuichukua tena.

Uongozi ukaagiza simu zinazoingia zizuiwe. Wanaobipu waandike barua pepe.

"Waandike kwa jembe?" Mzee Alois aliuliza kikaoni.

Hakuwa akitania. Tangu biashara ya viungo ilipofunguliwa kwa kila mtu, lori la mnunuzi hufika Matombo bila taarifa, na mnunuzi hutaja bei aitakayo. Yuliana hupanda kilimani penye netiweki, hubipu, nasi humpigia na kumtajia bei ya Dar kabla lori halijaondoka. Bila bipu, iliki ya msimu mzima huenda kwa bei ya kutupa. Basi Mzee akaipanga Linux isubiri simu iishe, kisha iiunganishe njia ya pili yenyewe. Inafanya hivyo hadi leo.

Sasa limebandikwa tangazo kwamba kuanzia Julai simu zinazoingia zitazuiwa, ili njia zote mbili zibaki kwa intaneti ya ofisini. Yaani imesubiriwa fundi aondoke! Kwa heshima zote, na kwa woga wote wa karani mdogo kama mimi, hii si haki. Asubuhi ya leo intaneti hiyo ilikuwa ikishusha picha za magari.

Mzee Alois, asante kwa kazi yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya njema na iliki iliyojaa huko kwenu Matombo unakorudi. Ukifika, panda kilimani utubipu. Asha atakaa kando ya simu, nasi tutajua kama ofisi hii bado inawasikia wakulima wake.