Kifundo cha Bosiljka na Jani la Kabichi

Historia ya tiba ilibadilika juzi ndani ya tramu ya Belgradi, nami, shahidi wake mtukufu, nilikuwa natafuna mbegu za alizeti.

"Funga jani la kabichi lenye pombe kali ya rakija, mjukuu wangu," ajuza mmoja alimwambia Bosiljka, mcheza ngoma ya kolo, aliyesimama kwa mguu mmoja.

"Nimefunga mara tatu, bibi, na kifundo cha mguu kimeteguka mara tatu. Mtaalamu wa mazoezi kagundua nyonga ndiyo iliyolegea. Nitasimama hivi kila siku, na Mei nitacheza."

"Maumivu yako chini, wewe unatibu juu! Keti, utaanguka."

"Nikianguka, nitainuka."

Tramu iliposimama, nilichechemea kuelekea mlangoni.

"Wewe," akasema Bosiljka, "ulipanda ukichechemea mguu wa kushoto. Mbona sasa wa kulia?"

Nikakiri: miguu yangu mizima, ila shuleni kulikuwa na mbio, nami sikutaka kukimbia.