Ratiba Ilionyesha Wawili

Ndugu, jamaa na marafiki, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie kidogo, kwa kuwa historia hii mama yetu aliisimamia mwenyewe akiwa bado ana nguvu ya kukaa kitako, na binti yake aliyekuwa akiiandika alipojaribu kulainisha sehemu fulani, alimwambia, "Usinipambe, andika kama ilivyokuwa."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake mzaa mama, akiwa mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 na sekondari hadi 1970, akaingia chuo cha uuguzi Januari 1971, na kuhitimu tarehe 9 Novemba 1973 akiwa wa pili darasani, jambo alilolilalamikia maisha yake yote, maana yule wa kwanza, alisema, alikuwa akichungulia majibu yake.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya wodi, kisha akarudi mara tatu kuitengeneza ilhali ilikuwa nzima, wakajaliwa binti mwaka 1979 na mwana mwaka 1982, na mwaka 1984 akapandishwa cheo kuwa metroni wa wodi ya upasuaji ya wanaume, akiwa na miaka thelathini na mmoja tu.

Jumanne, tarehe 11 Juni 1985, zamu ya mchana ilipangiwa wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini na mmoja, lakini saa saba chumba cha upasuaji kiliomba msaada, metroni akamtoa mmoja bila kubadilisha ratiba, akamwacha muuguzi kijana ambaye wenzake walimwita Kidoti, kwa alama iliyokuwa shavuni mwake, na saa tisa, Kidoti akiwa mwisho wa wodi akizuia damu ya mgonjwa mmoja, mtungi wa oksijeni uliisha kando ya kitanda cha mwalimu aliyekuwa amepasuliwa tumbo siku iliyotangulia, na mwalimu huyo akafariki.

Kikao cha nidhamu kilikaa tarehe 2 Julai, katika chumba chenye meza ndefu na feni mbovu, mwenyekiti akauliza zamu ile ilikuwa na wauguzi wangapi, Kidoti akageuka kumtazama metroni wake, naye akafungua daftari lake na kusema, "Ratiba inaonyesha wawili."

Hakusema uongo, alisoma kilichoandikwa, na kwa maneno hayo matatu Kidoti alinyang'anywa leseni, akatoka chumbani bila kulia, na marehemu akarudi wodini kupokea ripoti kama siku zote.

Tangu hapo mama yetu hakupata kutulia, alikuwa akipiga pasi sare mchana kweupe akasita ghafla na kusema "wawili", mume wake akimuuliza, "Wawili nani?" akajibu, "Hakuna," wodini alikataa kukipa mgongo kitanda cha mwalimu hata kilipokuwa kitupu, na kila mtungi ulipofunguliwa alisimama kuusikiliza hadi wenzake wakadhani masikio yameanza kumsumbua.

Septemba 1988 alipiga moyo konde akamtafuta Kidoti, akamkuta kwenye duka la ushonaji akishona sare za shule, na binti wa marehemu, ambaye mama yake alikuwa amemshika mkono siku hiyo, anayakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno.

"Shikamoo, Sista. Umemleta mtoto apimwe?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi sikukuuliza kitu, Sista. Walikuuliza wao. Nenda kawajibu hukohuko."

Ilimchukua karibu miaka mitatu zaidi kwenda, kwa sababu aliogopa, na aliagiza neno hilo la kuogopa lisiachwe, na tarehe 20 Mei 1991 aliliandikia baraza la wauguzi kukiri alichofanya, akavuliwa umetroni, akahamishiwa stoo ya shuka, na barua ile ikawekwa kwenye faili bila kujibiwa.

Akiwa huko stoo chama cha wauguzi kilimwomba asaidie kutoa ushauri, naye akafanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili, akiwafundisha vijana kuandika kila upungufu wa zamu kabla haujaua mtu, akikaa kando ya kila muuguzi aliyeitwa mbele ya meza, akiongoza maandamano matatu yaliyodai watu wa kutosha wodini na chumba cha kupumzikia, hadi Aprili 2002 ilipokubaliwa kwamba hakuna kikao cha nidhamu kitakachoketi bila kitabu cha mahudhurio halisi, ndipo wauguzi wakampa jina la Mama Ratiba, wakilisema kwa upendo, bila kujua jinsi lilivyomchoma.

Hatimaye baraza lilimsafisha Kidoti kwa barua ya tarehe 17 Februari 2009, na marehemu akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe, Kidoti akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaikunja, kisha akauliza, "Na mke wa mwalimu, naye mmemwandikia?"

Katika miaka yote ile mama yetu hakuwahi kumfikiria mwanamke yule, akarudi nyumbani, akamwandikia barua, akamtafuta kwa miaka miwili akiuliza shule aliyofundisha mumewe na majirani wa zamani, asipate aliyejua alikohamia, na barua ile familia inayo hadi leo, imefungwa, na yeyote aliyepo hapa anayemfahamu mjane huyo au watoto wake tunamwomba atuone.

Mwaka 2013 alistaafu, mwaka 2019 akagundulika kuwa na maradhi ya moyo, na wiki zake za mwisho wodini alisema mwalimu amekaa dirishani na hasemi kitu, muuguzi aliyekuwa akimhudumia, badala ya kumbishia, akamwambia, "Mwache akae, mama, nafasi ipo," na Alhamisi, tarehe 5 Oktoba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, alifariki dunia, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu, majirani waliotupikia na kulala nasi, viongozi na wanachama wa chama chake, na Bibi Kidoti, aliyeketi safu ya nyuma na kukataa tulipomwomba asogee mbele.

Agizo la mwisho la marehemu linawahusu wauguzi mnaoingia zamu mchana huu, alisema msisubiri afukiwe, kuna mwenzenu yuko peke yake wodini sasa hivi, basi inukeni mwende, hamtakuwa mmemkosea marehemu.

Mama, pumzika kwa amani, kama utaipata, nasi tunakuombea uipate.